Mbiu Ndani ya Ini

Mama aniuliza, akichambua mchele roshanini Kuze:
"Hiyo kazi yako hasa ni ya nini?"
Namwambia: nasikiliza ini.
Acheka. "Ini lasema?"
Lasema, mama. Tena halinyamazi.

Chumba chetu kiko Makadara, nyuma ya famasi ya hospitali:
kiyoyozi kimoja, friji mbili, moja ni ya chai.
Kadzo aja alfajiri kutoka Mishomoroni
kuzibadilishia seli maji yake ya rangi ya waridi,
kwani seli, kama watoto wachanga, hazijui Jumapili.
Chini ya darubini zina umbo la nyota,
kila moja imebeba vitone vya mafuta
kama mama aliyefumbata halua ya watoto njiani.
Kazi yake ni kuweka akiba, na kutulia.

Kisha twatia tone moja, dogo kuliko chozi la sisimizi.
Ni ujumbe tu: protini ibishayo hodi
mlangoni mwa seli. Mlango wajibu, karibu.
Mjumbe humpa mwenziwe neno ukumbini,
mwenziwe hulipeleka chumba cha ndani kabisa, kwenye kiini,
na huko hufunguliwa kurasa zilizokuwa zimefungwa.
Siku ya tatu nyota imetupa mafuta yake, imejinyoosha,
imekuwa mwashi. Yajenga kovu.

Kovu si baya. Jeraha lisilo kovu ni nyumba isiyo komeo.
Ubaya ni huu, nilioandika pembeni mwa daftari
usiku umeme ulipokatika, nasi twaiombea jenereta:

    Mbiu yalia mjini
    jeraha li mlangoni
    huja mafundi wa ini
    kovu wakalijengea.

    Jambo limekwisha zama
    mbiu yangali yavuma
    fundi hajui kukoma
    tofali aongezea.

Baba hakuonja tembo hata kwa dawa.
Karani wa Kilindini, Feruzi mhesabu makontena.
Macho yalipogeuka rangi ya bizari
na tumbo kujaa maji,
Bi Shamsa wa nyumba ya pili alisema kwa sauti ndogo:
"Wanaume wa bandarini, nani ajuaye wanywacho."
Neno likabisha hodi Kuze, likabisha Kibokoni,
na kila mlango ukasema karibu.
Ilikuwa homa ya ini, virusi vya B, pengine tangu utotoni.
Nilieleza matangani. Nilionyesha karatasi.

Miaka kumi na mmoja. Juzi, harusini,
mtu alimwuliza mama kama mwanawe wa kiume naye hunywa.
Hakujibu. Tulipofika nyumbani
alishika ubavu wa kulia, akasema, "Amenikata maini."
Walioitunga lugha hii hawakuwa na darubini,
lakini walijua uchungu unakaa wapi.

Kingamwili tuliyoagiza ilikaa uwanja wa ndege siku sita,
barafu yake kavu ikitoweka kama moshi,
ofisa akiuliza ni nyama ya mnyama gani.
Tukalipa. Ilikuwa imekufa. Tukaagiza nyingine.

Juma hili tulizuia mjumbe mmoja, yule wa ukumbini.
Mlango wenyewe hatukuugusa;
mwili wauhitaji kwa mengine.
Katika visima kumi na viwili, vinne vilitulia.
Kimoja seli zake zilianza tena kuweka vitone,
vidogo, kama mtu aliyekumbuka alikoficha halua.
Vinane viliendelea kujenga.
Kadzo aliandika namba. Hatukushangilia.
Aliosha mikono, akaenda kuwahi feri ya shangazi yake.

"Vinne?" auliza mama.
Vinne.
Apuliza makapi, atafuta kijiwe kwa ncha ya kidole,
akipata akitupa barabarani, upande wa nyumba ya pili.
"Na mlango wa Shamsa," asema,
"huo dawa yake mtaipata lini?"